Maswali ya wasomaji: Magoti yamekataa na sala imekauka, je Mungu amenichoka?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wazee ama kwa watoto wanaolea wazee, kwa hivo safu yote nimewaachia wao. Nimechagua tatu. Majina nimeyatoa na vitu vingine nimebadilisha kidogo ili mtu asitambulike mtaani kwake.

SWALI LA KWANZA

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa miaka 74 naishi Mikindani. Jumuiya yetu nimekuwa ndani tangu watoto wangu wako shule ya msingi, nimekuwa mwenyekiti, nimekuwa mweka hazina, rozari nilikuwa naongoza mimi. Mzee wangu alitangulia. Kijana wangu mkubwa alikuwa anafanya kazi depo ya makontena, mizigo ilipoanza kupelekwa Nairobi na reli kazi ikaisha, mpaka leo ni vibarua vya hapa na pale na ana watoto. Mimi mwenyewe nina presha na magoti yamekwisha kabisa, kupiga magoti siwezi, jumuiya ikiwa kwa mtu anaekaa ghorofa ya tatu mimi sifiki. Sasa kuna siku nikaalikwa kesha mahali pengine si kanisani kwetu, mhubiri akaniambia mbele ya watu ati magoti haya hayaponi juu imani yangu ni ndogo. Nilirudi nyumbani nikalia. Tangu siku hiyo sala yangu imekauka, naanza Baba Yetu katikati naacha. Nauliza, Mungu amenichoka? Na niendelee kwenda jumuiya ama nikae tu kwangu nisiwe mzigo kwa watu?
Mama wa Mikindani

JIBU

Milele amina, na shikamoo mama.

Nianze na yule mhubiri manake naona hapo ndipo kidonda kilipo. Alichokuambia si kweli. Moyo wake siujui na sitamhukumu, lakini maneno yale hayamo kwenye Biblia anayoishika. Elisha, nabii aliyemfufua mtoto wa yule mama Mshunami, kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 13 kinasema alishikwa na ugonjwa na ndio uliomuua, na hakuna mahali imeandikwa alipungukiwa imani. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, aliachwa na Paulo kule Mileto akiwa mgonjwa, iko kwenye barua ya pili kwa Timotheo. Timotheo naye tumbo lilikuwa likimsumbua na alikuwa anaugua mara kwa mara, Paulo akamwambia atumie mvinyo kidogo, yaani alimpa dawa ya zama zile, hakumwambia aongeze kesha. Na Paulo mwenyewe alikuwa na mwiba wake, akaomba mara tatu utoke, jibu alilopata ni "Neema yangu yakutosha." Sasa huyo aliyekusimamisha mbele ya watu angemwambia nini Paulo?

Magoti yako mama ni ya miaka 74. Yamebeba mimba, yamebeba mitungi ya maji, yamepiga magoti kwenye sakafu za simenti kwa rozari za miaka yote hiyo. Ile gegedu inayokaa katikati ya mifupa inalika na miaka, mifupa inaanza kusuguana, ndio maumivu yanakuja hasa ukipanda ngazi na ukiinuka asubuhi. Ni mwili kuzeeka, hakuna dhambi hapo ya kutubu. Nenda hosipitali wakuangalie, uliza kama wana mtu wa mazoezi ya viungo, kuna mazoezi ya kukaa kwenye kiti ambayo yanasaidia misuli ya paja ishike goti. Na dawa ya presha usiache hata siku moja kwa sababu ya maneno ya mtu yeyote.

Kuhusu kupiga magoti, fungua Kutoka 17. Watu wanapigana na Waamaleki, Musa yuko juu ya kilima ameinua mikono, na kumbuka Musa alikuwa ameshapita miaka 80 wakati huo. Mikono ikawa mizito. Hapa wengi tunahubiri Haruni na Huri walivyoishika ile mikono, ni vizuri, lakini tunaruka maneno yaliyo kabla yake, wakatwaa jiwe wakaliweka chini yake naye akalikalia. Walimtafutia mzee mahali pa kukaa kwanza! Hakuna aliyemwambia asimame kwa imani. Sala iliyookoa taifa zima siku ile ilisaliwa na mzee aliyekaa chini huku ameshikwa na watu wawili. Na Yakobo karibu na kufa kwake, barua ya Waebrania inasema aliabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake. Kwa hivo wewe kaa kwenye kiti mama, na fimbo yako ukiwa nayo, na usimuombe mtu radhi.

Sasa hilo swali lenyewe, Mungu amenichoka. Nataka usome Zaburi ya 71 polepole, kama macho ni shida mjukuu akusomee. Ni sala ya mtu aliyezeeka. Anasema "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Na ukiendelea mstari wa 11 utakuta kuna watu wanasema juu yake, Mungu amemwacha. Maneno uliyoambiwa wewe kwenye kesha yaliambiwa huyu mzee zamani zile, na yeye hakuyakubali, aliyachukua akayapeleka kwa Mungu vile vile yalivyo. Nami nakuomba ufanye hivo. Ukikaa kitandani usiku na Baba Yetu imekataa, mwambie Mungu nimeambiwa umenichoka, ni kweli? Hiyo ni sala kamili.

Wengi wetu tumefundishwa ati kulalamika mbele za Mungu ni kukosa adabu, mtu aseme tu asante asante hata roho inachuruzika damu. Lakini Zaburi zimejaa vilio. Ya 13 inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 ndio nzito kuliko zote, inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa furaha mwishoni, na bado imewekwa kwenye kitabu cha sala. Na hizi hazikuwa za kusoma mtu peke yake chumbani tu, watu waliziimba pamoja. Yaani aliyefiwa jana na aliyeoa jana walikuwa wanaimba maneno mamoja, huyu anamkopesha mwenzake machozi na yule anamkopesha mwenzake shangwe, mwaka mwingine wanabadilishana.

Ndio maana nakwambia usiache jumuiya, na nitakueleza kwa mfano wa kitu unachokijua kuliko mimi. Rozari inavyosaliwa kwenye jumuiya, Salamu Maria nusu ya kwanza anasema anayeongoza, nusu ya pili wanaitikia wote. Mtu akikwama katikati wengine wanamalizia, sala haikatiki. Wewe umemalizia sala za watu miaka mingapi? Wale wamama waliokuja wakiwa wametoka kuzika, wale waliokuwa hawawezi hata kutamka, walikaa pale kwenye mkeka na sauti yako ndio ilikuwa inasema kwa niaba yao. Sasa imefika zamu yako kukaa na kuitikiwa. Ukienda na ukavu wako ukakaa tu kimya na rozari mkononi, umesali.

Na hilo neno mzigo limeniuma. Isaya sura ya 46 inaanza na miungu ya Babeli, Beli na Nebo, imepakiwa juu ya wanyama mpaka wanyama wamechoka. Yaani miungu ya uongo inabebwa na watu. Halafu Mungu anageuka anasema yeye ni tofauti, yeye ndiye anayebeba watu tangu tumboni, "na hata wakati wa mvi nitawachukueni." Sasa kama Mungu mwenyewe amesema kukubeba uzeeni ni kazi yake, jumuiya inayosema ni yake itaonaje taabu kukubeba ngazi za ghorofa tatu?

Hata kanisa la huku kwetu Pwani halikuanzishwa na watu wenye nguvu mama. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, haikupita miezi mingi mke wake Rosina akafa, na mtoto mchanga akafa, yeye mwenyewe homa imemlaza. Kaburi la Rosina liko Nyali mpaka leo. Rebmann, mmisionari mwenzake, akaja 1846, akakaa Rabai karibu miaka 30, akazika mtoto, akazika mke, waliobatizwa walikuwa wachache tu, na mwisho macho yakaisha akawa kipofu. Mwaka 1875 akarudi Ujerumani akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata akafa. Na mtu wa kwanza kubatizwa kule alikuwa Mringe, mlemavu, akiwa mgonjwa wa kufa. Ukiangalia kwa macho ya yule mhubiri wa kesha hawa wote imani yao ilikuwa ndogo. Lakini kanisa la Rabai lipo, na sisi tupo. Mimi nikimfikiria huyo Nyondo, kijana ameacha kwao anamshika mkono mzee kipofu mpaka ng'ambo ya bahari, naona ile ni ibada kama ibada nyingine yoyote aliyowahi kuhudhuria.

Na wale waliomuona Papa Yohane Paulo wa Pili akija Kenya 1980 akiwa na nguvu zake wanakumbuka, halafu Pasaka ya 2005 dunia nzima ikamuona dirishani anajaribu kusema na sauti haitoki. Hakujificha. Papa Fransisko naye 2021 akaanzisha Siku ya Mababu na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, na ya mwaka 2024 maneno yake yalikuwa hayo hayo ya Zaburi 71, usinitupe wakati wa uzee. Waulize parokiani kwenu kama huwa wanaiadhimisha, na kama hawaiadhimishi basi wewe ndio wa kuwaambia waanze.

Sasa vitendo. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya wazi wazi ghorofani sifiki, naomba zamu nyingi zije kwangu ama kwa wanaokaa chini. Watu hawajui mpaka waambiwe, wanaona umekosa wanadhani umesafiri. Mwambie katekista akuandikishe kwa wale wanaopelekewa komunyo nyumbani siku usizoweza, na ile saa moja ya kufunga kabla ya komunyo wazee na wagonjwa hawabanwi nayo wala anaewauguza. Omba pia mpako wa wagonjwa. Najua mama zetu wengi wakisikia mpako wanaona ni jeneza linakuja, lakini si wa kufa peke yake, ni wa mgonjwa na mzee aliyedhoofika, na unaweza kurudiwa hali ikibadilika. Yakobo aliuliza, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Angalia hapo mgonjwa ndiye anaita, na wanaoomba ni wale walioitwa. Imani inayotakiwa pale kwa sehemu kubwa ni ya waliozunguka kitanda.

Na la kijana wako usilibebe ndani kimya. Litaje kwenye maombi ya jumuiya kwa jina lake, useme anatafuta kazi ya aina gani, manake kwenye mkeka ule kuna mtu ana shemeji mahali. Watu wanapata kazi hivo.

SWALI LA PILI

Bwana Yesu asifiwe. Naishi Bamburi na mama yangu ana miaka 79. Amekuwa Mothers' Union, chama cha akina mama wa Anglikana, tangu mimi niko mdogo. Miaka miwili hii akili yake inapotea, ananiita jina la dada yake aliyekufa, anauliza kitu kimoja mara kumi. Kwenye felloshipu ya nyumba kwa nyumba watu wakiwa kwenye maombi yeye anaanza kuimba, ama anauliza kwa sauti tunaenda nyumbani saa ngapi. Wengine wananiangalia vibaya. Mmoja akasema ni pepo akemewe. Mbaya zaidi jioni anapenda kutoka kutembea, juzi amerudishwa na jirani yetu Mwislamu saa tatu usiku, na sasa naskia minong'ono mtaani mwanamke mzee anatembea usiku anatafuta nini. Naogopa. Nimpeleke bado kwenye maombi ama nimfungie nyumbani? Na kama amesahau hata Baba Yetu, wokovu wake uko wapi?
Binti yake, Bamburi

JIBU

Asifiwe sana mwanangu, na pole kwa mzigo.

Kwanza hiyo minong'ono, manake hiyo ndio haitaki kungoja. Sisi watu wa Pwani tunajua, upande wa Kilifi na Kwale wazee wameuawa wakiitwa wachawi, mara nyingi nyuma yake kuna shamba linatakwa, na mzee aliyechanganyikiwa anayezurura usiku ndio wanamsingizia haraka. Usinyamaze. Nenda kwa chifu ama mzee wa mtaa mwambie mama yangu ni mgonjwa, ugonjwa wake unaitwa hivi. Mwambie na vika wenu, yaani kasisi, atangaze kanisani kwa maneno ya kawaida kabisa kwamba mama yetu fulani ni mgonjwa wa kumbukumbu, ukimkuta barabarani mshike mkono umrudishe. Mtaa ukijua ni ugonjwa na ukijua kanisa zima liko nyuma yake, minong'ono inapungua nguvu. Na jirani yenu yule msimame naye, mpelekeeni shukrani, huyo Mungu amewapa.

Pili, hosipitali. Kupoteza kumbukumbu namna hii ni ugonjwa wa ubongo, aina inayojulikana zaidi ni ile daktari Alois Alzheimer aliyoieleza 1906 huko Ujerumani. Lakini kuna vitu vingine vinafanana nayo na vinatibika, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya mkojo kwa wazee yanaweza kuvuruga akili ghafla, dawa nyingine pia, na huzuni nzito. Kwa hivo apimwe, usikubali uambiwe ni uzee tu. Kuzidiwa jioni ni kawaida ya ugonjwa huu, jua likizama wanachanganyikiwa zaidi na wanataka kwenda nyumbani hata wakiwa nyumbani. Weka komeo la mlango juu asipofikiria kuangalia, washa taa mapema kabla giza halijaingia, mshonee namba yako ya simu ndani ya dera. Lakini usimfungie peke yake, tafadhali, moto ukitokea itakuwaje.

Kuhusu kukemea pepo, kataa kwa heshima na kwa uthabiti. Kumpigia kelele mtu ambaye hajui yuko wapi ni kumtesa.

Sasa hilo la wokovu wake. Soma Marko sura ya pili, yule aliyepooza anabebwa na watu wanne, wamekosa mlango wakatoboa dari wakamshusha. Maandiko yanasema Yesu alipoiona imani yao. Yao, wale waliobeba. Mgonjwa hakusema neno, pengine hakuwa na nguvu ya kusema, na akasamehewa dhambi na kuponywa. Mama yako amebeba wangapi kwenye mikeka miaka yote hiyo ya Mothers' Union? Na leo Baba Yetu inaposaliwa chumbani na yeye yuko pale anatazama ukuta, inasaliwa na yeye yumo. Warumi 8 inasema Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, hapo hata mwenye akili timamu hana maneno.

Na kuna aya moja nataka uibandike ukutani kwako, Isaya 49:15. Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, halafu anajibu mwenyewe, "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Mama yako amelisahau jina lako na inauma, najua inauma kuliko mambo mengine yote uliyoandika ingawa umeipitia kwa haraka. Aya hii inakiri kwamba jambo hilo linaweza kutokea kwa mama mzuri kabisa. Anayewakumbuka nyote wawili yuko.

Mpeleke felloshipu. Mkalishe karibu na mlango ili mkitaka kutoka mtoke bila fujo, na kikundi kiwe kidogo, na mchana kabla ya jioni. Halafu waambie waimbe tenzi za zamani alizozijua akiwa msichana. Nyimbo hukaa ndani ya mtu hata maneno mengine yakishaondoka, utashangaa mtu asiyejua leo ni siku gani anamaliza ubeti wa tatu bila kukosea. Akianza kuimba katikati ya maombi, muimbe naye kisha muendelee na maombi. Kiongozi wa felloshipu asiyeweza kusubiri ubeti mmoja wa mama wa miaka 79 anaharakisha kwenda wapi?

Tena kanisa la Mombasa lina deni kwenye jambo hili. Frere Town pale Kongowea ilianza 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, watu waliotolewa kwao wakiwa watoto, hawana mjomba hawana shangazi, wengine hata kijiji chao hawakukumbuka. Waliozeeka pale walizeekea mikononi mwa waumini wenzao kwa sababu hawakuwa na ukoo mwingine. Hayo ndio malezi yetu. Kwa hivo waambie hao wamama wa chama mnaniachia mimi peke yangu kwa nini? Wapange zamu, mmoja Jumanne mmoja Alhamisi, wakae naye wewe ulale ama uende sokoni. Hilo liombe bila haya, na lala kweli.

SWALI LA TATU

Mimi ni mzee wa miaka 71 Likoni, napata ile elfu mbili ya Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee. Macho yanaingia ukungu nimeambiwa ni mtoto wa jicho. Kwenye maombi ninayohudhuria nimeambiwa nipande mbegu, nitoe pesa ya miezi mitatu yote ndio macho yafunguke. Nina imani lakini nina wasiwasi, nikitoa sijui nitakula nini. Je, wasiwasi huu ni dhambi?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Si dhambi, ni busara uliyopewa na Mungu, isikilize. Usitoe hiyo pesa.

Matendo ya Mitume sura ya 8 kuna mtu alileta fedha ili apate nguvu ya Mungu, Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Na Yesu kwenye Marko 12 aliwakemea waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Sala kuwa ndefu haikuwaokoa. Vipofu aliowaponya njiani hakumuuliza hata mmoja ana kiasi gani. Sadaka ni nzuri, toa hamsini yako kwa moyo ukiwa nayo, lakini anayekuuzia uponyaji anachukua chakula cha mzee.

Mtoto wa jicho unatibika. Lenzi ya jicho imepata ukungu, wanaitoa na kuweka nyingine ya kutengenezwa, unapigwa ganzi ya jicho tu, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Usingoje mpaka giza kabisa. Uliza kliniki ya macho ya serikali, uliza pia kambi za macho za bure huwa zinakuja lini, mara nyingi hutangazwa misikitini na makanisani na kwenye redio za hapa Pwani. Ukiwa na sukari ama presha waambie kabla.

Kwenye maombi endelea kwenda mzee, lakini tafuta kikundi kinachoomba bila bei. Ukipata waombe mambo mawili, wakuombee siku ya upasuaji, na kijana mmoja avuke feri na wewe asubuhi hiyo akushike mkono, manake kurudi jicho moja litakuwa limefungwa na pale kwenye mteremko wa feri watu husukumana.